Miaka 50, 70 au 95: wimbo wa zamani uhesabiwe kwa kalenda ipi?

Kundi la vijana pale Kamalondo, Lubumbashi, linataka kurudia wimbo wa gitaa ambao wazee walikuwa wakiucheza miaka ya 1950. Mpiga besi anasema wimbo ni wa zamani mno, umeshakuwa wa watu wote. Mwimbaji anakataa: mtunzi alikufa juzijuzi tu na ameacha watoto. Mwenye studio anasema habari za watoto si zake, anachojua ni kwamba ukiupandisha mtandaoni utafutwa. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anahesabu kwa kalenda ya nchi tofauti bila kujua.

Maandishi haya ni ya aliyekwama hapo: kiongozi wa orkestra, mwalimu wa kwaya, mwenye studio, au mtoto wa mwanamuziki aliyeachiwa boksi la diski asijue zina haki gani ndani yake. Tunalinganisha kalenda tatu ambazo wimbo wa Lubumbashi hukutana nazo mara nyingi: ya Kongo yenyewe, ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa diski zetu nyingi zilipitia Brussels na Paris, na ya Marekani, ambako YouTube ina makao yake.

## Vipimo

Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili, na asiyezitenganisha hukosea hesabu tangu mstari wa kwanza. Ya kwanza ni utunzi: tuni na maneno, yaani kile unachoweza kupiga kwa gitaa lako bila kugusa diski ya mtu. Ya pili ni rekodi: sauti ileile iliyonaswa siku ile, pamoja na kikohozi cha mpiga ngoma kama kimo. Utunzi kwa kawaida huhesabiwa kutoka kifo cha mtunzi. Rekodi huhesabiwa kutoka mwaka ilipotolewa. Ndiyo maana moja inaweza kuwa imekwisha na nyingine ingali hai kwa miaka arobaini mbele.

Kwa hiyo kila kalenda tutaiuliza mambo yaleyale: utunzi unalindwa hadi lini, rekodi hadi lini, kwa nini muda ulifika hapo, watu hukosea wapi, na kalenda hiyo inamfaa nani.

Mfano tutakaotembea nao ni Mwenda Jean Bosco, yule anayeitwa pia Mwenda wa Bayeke, ambaye gitaa lake liliijulisha Katanga kwa ulimwengu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mwenda alikufa mwaka 1990. Kwa ajili ya hesabu tuchukue kwamba diski ilitolewa mwaka uleule wa 1952.

## Kalenda ya Kongo

Sheria ya msingi ni Ordonnance-loi n° 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kifo chake. Siku ya kifo yenyewe haianzishi saa. Saa huanza kugonga tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata, kama Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za watunzi, unavyotaka. Mwenda alikufa 1990: anza kuhesabu 1 Januari 1991, ongeza miaka 50, utunzi wake unakwisha usiku wa 31 Desemba 2040. Kwa njia hiyohiyo, tungo za Joseph Kabasele, aliyefariki Februari 1983, zinakwisha mwisho wa 2033. Za Franco Luambo, aliyefariki Oktoba 1989, mwisho wa 2039. Za Papa Wemba, aliyefariki Aprili 2016, mwisho wa 2066.

Wimbo wenye watunzi wawili unahesabiwa kwa yule aliyekufa mwisho. Wendo Kolosoy alifariki 2008, hivyo wimbo wowote aliotunga pamoja na mwenzake hauwezi kuisha kabla ya mwisho wa 2058, hata kama mwenzake alitangulia miaka mingi.

Kwa rekodi, sheria ileile ina sehemu ya haki jirani, yaani haki za waimbaji, wapigaji na watayarishaji. Kimataifa vipimo viko viwili. Mkataba wa Roma wa 1961 uliweka kima cha chini cha miaka 20. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, wa 1994, ukapandisha hadi 50. Kongo ni mwanachama wa shirika hilo tangu 1997, lakini kama nchi iliyo katika kundi la maskini zaidi imepewa muda hadi 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuufuata mkataba huo wote. Ushauri wetu ni kuanza sasa hivi kuhesabu rekodi kwa miaka 50. Albamu unayoitengeneza leo itakuwa bado inauzwa 2034, na hakuna anayependa kurudi studio kung'oa kipande alichokwisha kukilipia.

Miaka 50 ilitoka wapi? Mkataba wa Berne ulizaliwa 1886 bila kuweka muda mmoja kwa wote. Mkutano wa Berlin wa 1908 ulipendekeza maisha ya mtunzi na miaka 50. Mkutano wa Brussels wa 1948 ukaufanya kuwa lazima. Hoja ilikuwa kwamba kazi ya baba ilishe watoto wake na wajukuu ambao aliwaona kwa macho. Ni hoja yenye utu, na ukiisoma katika mji ambako wanamuziki wengi walikufa bila pensheni unaielewa vizuri.

Wanaokosea hapa hukosea zaidi kwenye watu kuliko kwenye miaka. Orkestra inakwenda kwa mtoto mmoja wa marehemu, anatia sahihi, anapewa dola zake, na miezi miwili baadaye wanafika ndugu zake wanne wakiuliza nani aliuza wimbo wa baba. Kanuni ya familia ya 1987 iko wazi: watoto wa marehemu ndio kundi la kwanza na hupata robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi na ndugu wa marehemu wako katika kundi la pili linalogawana robo iliyobaki. Msimamizi wa urithi kwa kawaida ni mkubwa wa warithi, au yule waliyemchagua wenyewe. Huyo ndiye wa kukaa naye mezani, akiwa na karatasi inayomtambulisha, na wengine wakitia sahihi chini yake. Mjane asiachwe nje ya chumba eti kwa sababu wimbo ulitungwa kabla ya ndoa. Kosa lingine ni kudhani kwamba kulipa sosiete ya haki za watunzi, ambayo tangu 2011 ni SOCODA iliyoshika nafasi ya SONECA ya 1969, kunatosha kwa kila kitu. Malipo ya kucheza wimbo hadharani ni jambo moja. Kubadili maneno ya marehemu yawe tangazo la bia ni jambo lingine kabisa, na hilo huombwa kwa warithi wenyewe.

Kalenda hii inamtosha anayecheza hapahapa: harusi, baa, redio ya mji, diski zinazouzwa kwa mkono. Ni fupi, hesabu yake ni rahisi, na anayeombwa ruhusa mara nyingi anafikika kwa teksi.

## Kalenda ya Ulaya

Utunzi: maisha na miaka 70. Hii ilianza kutumika 1 Julai 1995 kufuatia agizo la Umoja wa Ulaya la 1993. Sababu mbili zilitajwa. Ya kwanza, watu wanaishi zaidi, hivyo miaka 50 haifiki tena kwa wajukuu. Ya pili haitajwi sana mitaani lakini ndiyo iliyobeba mzigo: nchi za Ulaya zilikuwa na miaka tofauti, na Ujerumani ilikuwa na 70 tangu 1965. Ili wote wawe sawa ilibidi ama Wajerumani wapunguziwe, ama wengine wote waongezwe. Kumnyang'anya mtu haki aliyokwisha kuishika ni vita mahakamani. Kumwongezea hakuna anayelalamika siku hiyo. Wakaongezwa wote.

Ufaransa ina nyongeza zake nje ya hapo, za miaka ya vita. Maurice Ravel alikufa Desemba 1937, lakini kwa sababu ya hesabu ya vita Boléro yake ilibaki na mwenyewe huko hadi 1 Mei 2016. Anayepiga hesabu ya mtunzi Mfaransa wa kabla ya vita akumbuke hilo.

Sasa jambo ambalo wanamuziki wetu wengi hawajaambiwa. Miaka 70 ya Ulaya haiendi kwa kila wimbo. Mkataba wa Berne unaruhusu nchi kusema: wimbo wa kigeni tutaulinda kwa muda wake wa kwao, usizidi wa kwetu. Umoja wa Ulaya unafanya hivyo. Kama mtunzi si raia wa Ulaya na wimbo ulitolewa kwanza Kongo, Ulaya nayo itauacha miaka 50 baada ya kifo. Diski iliyotolewa kwanza Afrika Kusini, kama nyingi za wakati wa Tracey, inaangukia hapohapo, kwa kuwa huko nako utunzi ni maisha na miaka 50. Hivyo Mwenda: mwisho wa 2040, Brussels kama Lubumbashi. Lakini wimbo uliotolewa kwanza Ubelgiji unahesabiwa kuwa na asili ya Ubelgiji, na hapo mtunzi Mkongo anapata 70 kamili. Tofauti ya miaka 20 inaweza kutegemea mstari mmoja mdogo kwenye lebo ya diski unaosema ilitengenezwa wapi. Warithi, msitupe zile diski zilizokwaruzwa! Hata kama haziimbi tena, lebo ile ya karatasi katikati ni ushahidi.

Rekodi zina historia nyingine. Zilikuwa na miaka 50. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 waimbaji wakongwe wa Uingereza, Cliff Richard akiwa mbele, walianza kulia kwamba rekodi za ujana wao zinaisha wao wangali hai. Ripoti ya Gowers, iliyoagizwa na serikali ya Uingereza na kutolewa 2006, ilipima faida na hasara ikashauri muda usiongezwe. Hata hivyo mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliongeza, kutoka 50 hadi 70, kwa rekodi zilizokuwa bado hai tarehe 1 Novemba 2013. Maana yake ni mpaka mkali sana: iliyotolewa hadi mwisho wa 1962 imekwisha, iliyotolewa 1963 inalindwa hadi mwisho wa 2033. Wimbo wa kwanza wa Beatles kutoka Oktoba 1962 uko upande mmoja, albamu yao ya kwanza ya 1963 iko upande wa pili. Rekodi ya Mwenda ya 1952 iko upande wa zilizokwisha. Ulaya iliiacha mwisho wa 2002.

Sheria hiyo ya 2011 ilibeba zawadi mbili ambazo wapigaji wa zamani waliokwenda kurekodi Ulaya wangepaswa kuzijua. Kwanza, mpigaji aliyelipwa mara moja na kuondoka ana fungu lake: baada ya miaka 50 mtayarishaji lazima aweke kando asilimia 20 ya mapato ya rekodi hiyo kila mwaka kwa ajili ya watu kama yeye. Pili, kama baada ya miaka hiyo 50 mtayarishaji hauzi rekodi wala haiweki mtandaoni, msanii anaweza kumwandikia, kumpa mwaka mmoja, kisha kuvunja mkataba na kuchukua haki zake. Diski iliyotolewa Paris mwaka 1975 ilitimiza miaka 50 mwisho wa 2025. Mpiga saksafoni yule anayefundisha watoto leo katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kama jina lake liko nyuma ya kasha, ana swali halali la kuiuliza kampuni.

Hukosewa wapi? Watu husikia kwamba rekodi ya 1958 imekwisha wakaichukua kutoka CD iliyosafishwa upya, na maandishi ya kasha pamoja na picha. Picha na maandishi vina haki zao. Na utunzi ulio ndani ya rekodi ile haujaisha hata kidogo, kwa hiyo hata sauti ikiwa huru, mtunzi bado analipwa. Mpangilio mpya nao una mwenyewe: kama kuna mtu aliandika sehemu za tarumbeta mwaka 1995, tarumbeta zile ni zake hata kama tuni ni ya babu.

Kalenda hii ni nzuri kwa anayetaka kukata kipande cha rekodi ya kale, na kwa familia iliyo na diski za Brussels. Kwa anayetaka utunzi wa bure ni ngumu: lazima ajue diski ilitolewa kwanza wapi kabla ya kuanza kuhesabu.

## Kalenda ya Marekani

Hapa ndipo muda ulivyopanda ngazi unaonekana waziwazi. Mwaka 1790: miaka 14, na 14 mingine ukiomba. Mwaka 1831, muziki ulipotajwa kwenye sheria: 28 na 14. Mwaka 1909: 28 na 28. Sheria ya 1976 ikaleta maisha na miaka 50, ili nchi isogee kwenye kipimo cha Berne. Mwaka 1998 ikaongezwa 20 kwa kila kitu: maisha na 70 kwa kazi mpya, na miaka 95 tangu kuchapishwa kwa za zamani. Sheria ya 1998 ilipewa jina la Sonny Bono, mwimbaji aliyekuwa mbunge na kufariki mwaka huohuo. Nyuma yake zilisimama kampuni za filamu na muziki, pamoja na warithi wa watunzi wa miaka ya 1920 ambao mali yao ilikuwa inakaribia kuwa ya umma. Hoja ya hadharani ilikuwa kuwafikia Ulaya, ambao walikuwa wamepanda tayari. Ulaya waliwafuata Wajerumani, Marekani wakawafuata Ulaya.

Sheria hiyo ilipelekwa Mahakama Kuu. Wachumi 17, watano kati yao wakiwa na tuzo ya Nobel, waliiandikia mahakama kwamba miaka 20 ya ziada haimshawishi mtu kutunga, kwa sababu shilingi itakayolipwa miaka sabini baada ya kifo chako haina thamani leo. Na mtu aliyekwisha kufa hawezi kushawishiwa atunge zaidi. Mwaka 2003 mahakama iliamua, majaji saba kwa wawili, kwamba Bunge lina uwezo huo. Haikusema ni jambo la busara, ilisema ni halali. Kwa maoni yetu wachumi ndio waliosema kweli.

Kwa vitendo: tungo zilizochapishwa Marekani 1930 zimekuwa za umma 1 Januari 2026, na kila Januari mwaka mmoja unafuata. Rekodi ni habari nyingine. Sheria ya 2018 inahesabu za 1923 hadi 1946 miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na za kuanzia 1957 hadi kabla ya 15 Februari 1972 zote zinafungwa hadi 15 Februari 2067. Rekodi yetu ya 1952 basi inafungwa hadi mwisho wa 2062. Ileile ambayo Ulaya iliiacha 2002!

Na utunzi wa Mwenda? Marekani haifuati ile kanuni ya muda mfupi wa nchi ya asili, kwa hiyo 2040 yetu haihesabiki huko. Kuna mtego mwingine: kwa sheria yao, kutoa diski kabla ya 1978 hakuhesabiwi kuwa ni kuchapisha utunzi wenyewe. Wimbo uliotoka kwenye diski tu, bila noti kuchapishwa, unahesabiwa maisha na miaka 70. Kwa aliyekufa 1990 hiyo ni mwisho wa 2060. Ukiwa na shaka kati ya tarehe mbili za Marekani, chukua ya mbali.

Kosa kubwa ni kuamini kwamba kwa kuwa umeimba upya, uko salama. Marekani ina leseni ya lazima kwa anayerekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa huko, kwa malipo yaliyopangwa, lakini haikuruhusu kubadili tuni ya msingi wala tabia ya wimbo, na haihusu video. Kosa la pili ni la wenye haki: mtunzi aliyeuza wimbo wake kwa mkataba wa Marekani tangu 1978 anaweza kuurudisha baada ya miaka 35 akitoa taarifa kwa maandishi mapema. Wengi hawajui, tarehe zinapita.

Anayetegemea mtandao wa dunia nzima hana budi kuiangalia kalenda hii, apende asipende. Anayeuza Lubumbashi na Likasi tu hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

## Kwa nini muda haurudi nyuma

Sababu nyingine ya kupanda ni mikataba ya biashara. Japani ilitoka 50 kwenda 70 tarehe 30 Desemba 2018 pamoja na mkataba wa biashara wa nchi za Pasifiki. Kanada ilifanya vivyo hivyo 30 Desemba 2022 kwa sababu ya mkataba wake na Marekani na Meksiko. Nchi inakuja mezani kuuza mbao na magari, inaondoka imeongeza miaka 20 ya nyimbo. Wanaofaidika ni wachache, wanajuana, na wana wanasheria. Wanaopoteza ni kwaya, walimu na vijana wa gitaa ambao hata hawajui kuna mkutano. Siku zamu hiyo itakapofika Kongo, itafaa wanamuziki wa Katanga na Kivu wawe wameshajua wanachotaka.

Na muda mrefu peke yake haulishi mtu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939 na akaachia haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine. Alikufa maskini 1962. Kilichowasaidia binti zake hakikuwa wingi wa miaka. Ni kifungu cha sheria ya Uingereza ya 1911 kilichorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo, na kwa kifungu hicho walifikia mapatano mwaka 2006. Mtunzi aliyeuza vyote kwenye karatasi moja, ukimwongezea miaka 20 umemwongezea aliyenunua. Familia zinazodai muda zaidi zingefaa zianze kwa kudai kipengele cha kurudishiwa.

## Karatasi za kukusanya kabla ya kuchagua

Mali bila daftari hupotea bila habari, na nyimbo ni mali. Fungua bahasha moja kwa kila wimbo, na ndani yake uweke vitu hivi.

Picha ya lebo pande zote mbili, namba ya diski ikisomeka. Majina yaliyo kwenye mabano chini ya jina la wimbo kwa kawaida ndiyo watunzi, aliyeandikwa kwa herufi kubwa ni mwimbaji tu. Neno linaloonyesha kwamba wimbo ni wa jadi lisikutulize mapema, kampuni zililiandika hata pale mtunzi alipokuwa hai na anajulikana.

Kopi ya hati ya kifo kutoka ofisi ya etasivili ya komini. Mwaka ulioandikwa kwenye bango la kumbukumbu au kwenye mtandao mara nyingine unatofautiana na hati, na kosa la mwaka mmoja linahamisha Januari nzima.

Orodha ya majina yote ya mtunzi. Hili ndilo linalowapoteza watafutaji wengi. Mwaka 1972 siasa ya uhalisia ya Zaire iliwaondolea watu majina ya Kikristo, kwa hiyo mtu mmoja ana nyimbo za 1965 kwa jina moja na za 1974 kwa jingine. Tafuta kwa yote mawili kwenye rejista za sosiete za haki za watunzi, SABAM ya Ubelgiji na SACEM ya Ufaransa, na ugeuze mpangilio wa majina pia: Mwenda Jean Bosco, Jean Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Miji nayo ilibadilika: Élisabethville na Jadotville zilipewa majina ya sasa 1966, na rejista za zamani hazikurekebishwa.

Mwisho, hesabu yako kwa maandishi, kalenda zote tatu, na sahihi za warithi. Video ikidaiwa na mfumo wa YouTube, unapopinga dai mdai ana siku 30 za kujibu. Anayeandika "wimbo ni wa zamani" hushindwa. Anayeandika jina la mtunzi, mwaka wa kifo, mwaka wa rekodi na nchi ilipotolewa kwanza husikilizwa.

## Kwa hali yako

Kwaya au orkestra inayoimba upya wimbo wa marehemu, jukwaani na redioni hapa mjini: tumia kalenda ya Kongo, lipia SOCODA, na kama unabadili maneno kaa na msimamizi wa urithi.

Ukiuimba upya na kuupeleka mtandaoni duniani kote, hesabu kwa Marekani kwanza. Kama huko bado uko hai, una njia mbili: ruhusa ya maandishi inayotaja dunia nzima, au kumwambia msambazaji wako aondoe Marekani kwenye orodha ya nchi. Wasambazaji wengi wana ukurasa wa kuchagua nchi, watu wanauruka tu.

Mtayarishaji wa muziki wa karindula ya kisasa anayetaka kukata sekunde nane za gitaa la 1958: Ulaya rekodi imekwisha, Marekani bado hadi 15 Februari 2067, na usiache kuangalia mwaka kwenye lebo, kwa sababu iliyotolewa 1956 au kabla inahesabiwa tofauti. Utunzi ni wa kuombwa kote. Mara nyingi ni nafuu kumlipa mpiga gitaa mzuri wa Katuba aupige upya mstari ule, kisha ukabaki na mtu mmoja wa kumwomba, mwenye utunzi.

Ukichagua wimbo wa mapokeo ambao hauna mtunzi, kwa mfano wa kubembeleza mtoto au wa kilimo, jifunze kutoka kwa waimbaji wa kijijini wenyewe, usijifunze kutoka diski, ili usije ukanakili mpangilio wa mtu ukidhani ni wa mababu. Na utaje ulikotoka.

Familia ya mwanamuziki aliyefariki: andikeni nyimbo zote kwenye daftari, mkitenganisha zilizotolewa kwanza Ubelgiji au Ufaransa na zilizotolewa hapa, kwa sababu hizo za kwanza zina miaka 20 zaidi huko Ulaya. Kisha tafuteni mikataba ya zamani, hata nakala zilizoliwa na mchwa, muone kama baba aliuza au alikodisha. Neno hilo moja lina uzito kuliko miaka yote iliyotajwa hapa, na notere anaweza kuwasomea kwa saa moja.